Kwa Nini Sikumwandaa Nashipai

"Mama Glory, huyu binti utamwandaa wewe," Mzee Loti alisema. "Jumapili asimame mbele, atubu, arudi kundini. Mwinjilisti ndiye atakayeongoza sala."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kwenye ofisi ya usharika, mwanangu mdogo mgongoni, nikisubiri wazee wa kanisa wamalize kikao niondoe vikombe. Binti aliyetajwa ni Nashipai. Mwinjilisti aliyetajwa alikuwa amekaa pale pale, karibu na Mzee Loti ambaye ndiye mwenyekiti wa wazee, anakoroga chai yake taratibu.

Nikasimama. "Simwandai. Mwandaeni Mwinjilisti."

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Mama Glory, kaa chini," akasema Mzee Loti.

"Nimekaa vya kutosha, mzee."

"Unajua unamsema nani?"

"Namsema huyo anayekunywa chai. Nashipai hakuzini. Alibakwa, kwenye chumba cha vifaa vya kwaya, na huyo. Mchungaji anajua, nilimwambia mwenyewe, akasema tuliombee. Nimeliombea. Sasa namaliza."

Mwinjilisti akasema hajui kitu, anasingiziwa. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee mmoja akakohoa, mwingine akaomba tufunge kwa sala, kana kwamba sala ni pazia. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa funguo za ofisi na za darasa la watoto, nikaziweka juu ya meza kando ya sahani ya maandazi. Nikatoka.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Wengine huagwa kwa keki na kitenge na hotuba ya mtu asiyekumbuka jina lao. Mimi nimestaafu na miaka thelathini na miwili, maziwa yananitoka kifuani, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini kazi niliifanya, na kuna mabinti mnaotoka chuo cha Biblia sasa hivi mtakaokalia lile benchi. Nawaandikia nyie. Nashipai silo jina lake. Hilo alilichagua mwenyewe, na kila neno hapa amelisoma na kukubali.

Kazi yenyewe inaitwa parishi woka: mtumishi wa usharika anayehudumia wanawake, watoto, wagonjwa na wafiwa. Mchungaji anahubiri, mwinjilisti anaongoza ibada na kufundisha, parishi woka anaingia kwenye nyumba za watu. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino na Biblia mpya yenye zipu. Mama Ndekirwa, aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, akanitazama miguuni.

"Wewe unakwenda harusini?"

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vua hivyo."

Akanipa mabuti ya mvua ya marehemu mume wake, makubwa kiasi kwamba nilijaza soksi mbili. Nilidhani ananionea. Mvua za masika zilipoanza nikaelewa. Nyumba nyingi za usharika wetu ziko juu, ndani ya migomba, na ule udongo mweusi wa Meru ukilowa ni sabuni. Mchungaji alikuwa na gari, nalo lilifika mpaka pale lami inapoishia. Ndiyo maana mambo mengi yaliyoko juu ya lami alikuwa hayajui.

Mama Ndekirwa alinifundisha kutokukaa sebuleni. Sebuleni kuna picha ya harusi na vitambaa vya makochi, alisema, na mtu hawezi kusema ukweli akiwa amezungukwa na vitambaa. Ingia jikoni, omba kisu, menya naye ndizi. Pakaa mafuta mikononi kwanza ili utomvu usikugande. Macho yako yawe kwenye ndizi. Usimuulize kitu. Ukifika katikati ya mkungu atakuwa ameanza mwenyewe, na akianza usimkatize hata kwa amina.

Niliona mengi kwa kumenya ndizi. Mama mmoja alinieleza kwa nini hakulia msibani kwa mume wake, na ningekuwa mimi nisingelia pia. Babu mmoja wa Sekei, amepooza upande mmoja, alikataa nimwogeshe, akanifukuza kwa Kimeru. Mimi nimezaliwa Elerai, Kimeru changu ni cha kununulia maziwa, kwa hiyo nikaendelea kuchota maji. Binti yake akaja kunitafsiria huku anacheka: babu anasema wewe ni wa kuosha masufuria, nenda kaanze na hayo. Nikaanza na masufuria. Wiki iliyofuata akakubali kuoshwa miguu, halafu mgongo. Alipofariki walinitafuta mimi nimvalishe.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda. Sasa niwaeleze ile ambayo sikuipenda.

Kwetu msichana akipata mimba bila ndoa anatengwa. Hafukuzwi, hapana, anaruhusiwa kukaa kanisani na kutoa sadaka. Hashiriki meza ya Bwana na mtoto wake habatizwi, mpaka arudi kundini. Kurudi kunataka mafundisho, na mafundisho ni kazi ya parishi woka. Halafu Jumapili moja anaitwa mbele ya watu wote, anapiga magoti, anataja dhambi yake, anaombewa, watu wanaimba. Niliwaandaa mabinti wengi. Mwanamume sikuwahi kuletewa hata mmoja. Niliwahi kumuuliza Mzee Loti hizo mimba zinatoka kwenye mvua au vipi, akasema, "Mama Glory, una mdomo." Nikasema ninao, shukrani kwa aliyeniumba.

Nashipai alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasaidia darasa la chekechea la usharika, anaimba sauti ya pili. Msichana wa kucheka sana. Mara akaacha kwaya. Halafu akaacha chekechea. Halafu tumbo likaonekana, na wazee wakamtenga, na mitaani ikasemwa baba wa mtoto ni kijana wa bodaboda wa Kisongo aliyekimbia. Huyo kijana hakuna aliyewahi kumwona. Hiyo peke yake ingetosha kutushtua, lakini hakuna aliyetaka kushtuka.

Mtoto alipozaliwa nilikwenda kumwona, na mabuti yangu na sabuni ya kufulia nepi. Mama yake Nashipai alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe. Tukakaa jikoni na Nashipai, tukamenya. Aliongea ametazama moto.

"Dada, ukinifundisha kurudi kundini, nitasema dhambi gani?"

"Wewe unaona ipi?"

"Alinituma nikalete vitabu vya nyimbo. Akaja nyuma yangu akafunga mlango. Nilimwambia hapana. Nilimwambia, mwalimu, hapana." Mtoto akalia kidogo, akamtikisa. "Mwinjilisti. Baada ya hapo akaniambia nikisema atanitangaza mimi ndiye niliyemfuata. Na Jumapili ile ile akaongoza ibada. Mimi niko kwaya, nimesimama nyuma yake."

Nina binti wa miaka mitano. Niliendelea kumenya kwa sababu nilijua nikiacha kisu nitapiga kelele, na kelele zangu zisingemsaidia. Nikamwambia nakuamini. Nikamwambia huna kosa. Nikamuuliza anataka nini. Hayo matatu, mabinti, yashikeni kwa utaratibu huo huo. Msianze na "kwa nini hukusema mapema". Msiulize alivaa nini wala kwa nini alikwenda peke yake. Msimrudishe nyuma aeleze tena na tena kwa sababu nyie hamjaridhika.

Alichotaka ni kidogo. Alitaka mtoto abatizwe bila yeye kupiga magoti mbele ya yule mtu. "Nenda kwa Mchungaji kwanza," akasema. "Labda atasikia. Wakiniita mbele, dada, hapo uwaambie wote."

Nikaenda. Mchungaji alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema ni jambo zito, mtumishi ana familia, shetani anataka kuivuruga huduma, tuliombee kwanza. Alikuwa amesikitika kweli, sisemi hapana. Akaendelea kusikitika mpaka kikao kile cha wazee, ambapo alikaa kimya huku Mzee Loti anapanga Jumapili.

Nilipotoka kikaoni nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kina Nashipai. Uani, kwenye mti wa parachichi, kulikuwa na kondoo jike amefungwa, mnene, mweupe, ambaye hakuwepo nilipopita mara ya mwisho. Mama Nashipai alikuwa anachambua maharage. Nikamsalimia, nikauliza kondoo wa nani.

"Wameleta wazee wa ukoo wa Mwinjilisti," akasema bila kuinua uso. "Jana. Wamekaa na baba yake, wakaongea, wakaomba amani ya nyumba. Baba yake amekubali." Akatupa kijiwe kilichokuwa kwenye maharage. "Mama Glory, mwambie binti asimame tu. Ni muda mfupi. Watu watasahau. Mtoto hana jina kanisani, akiugua je?"

Nikaona huyu hanihitaji mimi, anahitaji mtu wa umri wake. Nikampigia Mama Ndekirwa, aliyestaafu zamani na kuhamia kwa mwanawe Kisongo. Nilimweleza kwa kifupi. Akasema, "Nakuja. Weka maji jikoni."

Usiku huo mume wangu, Baba Glory, ambaye ni fundi magari, alinisikiliza mpaka mwisho huku anasugua grisi kwenye kucha. Nilitegemea aniulize habari za kazi. Akasema, "Huyo mwinjilisti si ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara Jumamosi?" Nikasema ndiye. Akasugua ukucha mwingine, akasema, "Basi fanya haraka."

Kesho yake Mama Ndekirwa alifika na kisu chake mwenyewe kwenye mkoba. Hakuuliza mtu kitu. Alikaa na Mama Nashipai jikoni, Nashipai na mimi tukakaa mlangoni na watoto. Ndizi zikamenywa.

"Kondoo mzuri," akasema Mama Ndekirwa baada ya muda.

"Mzuri, ndiyo."

"Wewe umeolewa hapa miaka mingi. Umewahi kuona watu wanaleta kondoo wa amani kwenye nyumba ambayo hawajaikosea?"

Mama Nashipai akachukua ndizi nyingine.

"Mbele ya wazee wa kanisa Mwinjilisti amesema hajui kitu. Sivyo, Mama Glory?"

"Ndivyo, mama. Anasema anasingiziwa."

"Na ukoo wake umeleta kondoo. Kwa hiyo kanisani hajui, na hapa uani anajua." Akakata ncha ya ndizi. "Huyu mtoto wako Jumapili atataja dhambi ya nani?"

Mama Nashipai aliweka kisu chini. Akakaa hivyo, utomvu unamkaukia mikononi, kwa sababu siku hiyo alisahau kupaka mafuta. Halafu akamgeukia binti yake, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anamtazama usoni tangu tumbo lile. "Alifunga mlango?" akauliza. Nashipai akasema, "Alifunga, mama." Yule mama akalia kwa sauti nzito, na binti yake ndiye aliyeinuka kumshika. Mimi na Mama Ndekirwa tukatoka nje. Kuna mahali ambapo hata parishi woka hana kazi.

Jumapili Nashipai hakwenda kanisani. Mama yake alikwenda, kwa namna yake. Ibada ya kwanza ilipokuwa inatoka, watu wamejaa barabarani na vitabu vyao vya nyimbo, alipita katikati yao akimvuta yule kondoo kwa kamba. Kondoo hakutaka kutembea. Mama alimvuta, akamsukuma, kuna mahali alimbeba. Watu wakamsalimia, akaitikia. Wakamuuliza anakwenda wapi na mnyama siku ya ibada.

"Namrudisha mwenyewe," akasema.

"Nani mwenyewe?"

"Mnifuate mwone."

Na walimfuata, si mnatujua. Akafika kwenye geti la nyumba ya Mwinjilisti, akafunga kamba kwenye nguzo, mafundo mawili, akasema kwa Kimeru na kwa Kiswahili ili asibaki mtu wa kuuliza: "Amani mliyoileta imekataliwa." Watu wa kule wanajua maana ya kondoo, na wanajua zaidi maana ya kondoo aliyerudishwa. Hapakuhitajika mahubiri. Ibada ya pili, nasikia, viti vilikuwa vitupu.

Baba Nashipai aligomba siku mbili kwamba ameaibishwa. Siku ya tatu akaanza kuuliza ofisi ya polisi inafunguliwa saa ngapi.

Sasa sikilizeni hii sehemu vizuri, kwa sababu chuoni hawawafundishi. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuulizia mlango hadi mlango. Kama jambo limetokea leo au jana, hospitali kwanza, asioge, asifue nguo. Kuna dawa za kuzuia mimba na maambukizi ambazo zikipita siku tatu hazina maana tena. Hospitali kubwa za mjini nyingine zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari na ustawi wa jamii na polisi unawakuta mahali pamoja. Kama limetokea zamani, nenda hivyo hivyo. Tulimwambia ofisa wa ustawi wa jamii tumechelewa, akasema hapa hakuna anayechelewa, akamvutia Nashipai kiti. Alimpatia mshauri, mama mtulivu, anakwenda kwake kila wiki mpaka leo. Nilidhani atarudi kila mara amelia. Siku nyingine anarudi amelia, siku nyingine anarudi amenunua karanga ananihadithia alivyopishana na mbuzi kwenye ngazi.

Polisi tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto. Mlangoni askari mmoja akatuuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Nyie wa nini?" Nikamwambia tutamwambia wa ndani. Wa ndani alikuwa afande mwanamke, mwenyeji wa Singida. Alimuuliza Nashipai kama anataka niwepo. Akasema nikae, ila nisiseme. Nikakaa, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Afande hakuelewa habari ya kondoo, akafikiri ni mali iliyoibwa. Mama Nashipai akamweleza polepole, kama anamfundisha mtoto, na afande akaandika, akataka majina ya wazee wa ukoo waliomleta. Akaeleza pia kuhusu kipimo cha vinasaba vya mtoto. Nashipai akasema sawa.

Sitawadanganya kwamba watu walifurahi. Mwanakwaya mmoja alinisimamisha sokoni. "Mama Glory, umetuvua nguo hadharani."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimeacha kuwafulia."

Wapo wanaonipita bila salamu. Wapo waliokuja kwangu jioni kwa mlango wa nyuma, wawili, na kisu cha ndizi mkononi, wakasema wanataka kunisaidia kumenya. Hayo ni yao, siyaandiki. Niliwapeleka kule kule.

Lile la polisi ni la Nashipai, na kesi ni yake. Lakini kanisa nalo lina la kujibu, na hilo nililibeba mimi. Niliandika malalamiko rasmi kwa ofisi ya dayosisi, mkono wangu, kwa sababu sina kompyuta na sikutaka mtu wa stesheneri ayasome. Niliandika mara ya kwanza kwa hasira na matusi matatu. Mama Ndekirwa akayatoa matusi, akaacha hasira.

Tulikwenda wote watatu, Nashipai na mtoto wake mgongoni, mama yake na mimi. Katibu wa mapokezi akasema mkuu yuko safarini, acheni hapa juu ya meza. Nikamwambia tunaacha, lakini nakala yetu igongwe muhuri kwanza.

"Dada, si utaratibu wetu kugonga barua za waumini."

"Hii si barua ya muumini. Ni malalamiko."

"Mlalamikaji nani?"

Nilifungua mdomo. Nashipai akanitangulia. "Mimi," akasema. "Na huyu. Tupo wawili."

Katibu alimtazama, akamtazama mtoto, akavuta muhuri kutoka kwenye droo.

Tumelalamika kwamba Mwinjilisti wa usharika wetu alimbaka mwanakwaya ndani ya jengo la kanisa, na jambo liko polisi. Kwamba Mchungaji aliambiwa akaficha. Kwamba baraza la wazee lilimtenga aliyetendewa na kutaka atubu mbele ya aliyemtenda. Tumetaka Mwinjilisti asimamishwe, asikaribie watoto wa kipaimara wala kwaya, wakati uchunguzi unaendelea. Tumetaka parishi woka ajaye apewe mtu wa kumpelekea habari kama hizi ambaye hakai kwenye baraza lile. Tumetaka jibu kwa maandishi.

Aya ya mwisho niliiacha wazi, akaiandika Nashipai mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyefundisha chekechea:

"Sitasimama mbele kutubu. Sikutenda dhambi, nilitendewa. Naomba mtoto wangu abatizwe, na kutengwa kwangu kufutwe kwa kutangazwa kanisani, kwa sauti ile ile iliyotumika kunitangaza."

Akasaini. Mimi nikasaini chini yake.